Kiharusi: Kwa Nini Daktari Huanza na Kipimo cha CT

Ndugu wa mgonjwa aliyepooza ghafla upande mmoja mara nyingi huuliza kwa nini daktari ameagiza kipimo cha CT, ilhali wamesikia kuwa MRI ni bora zaidi. Swali hilo ni la haki, hasa kwa familia iliyochangishana nauli ya kufika hospitali ya rufaa.

Kiharusi kina asili mbili: mshipa wa ubongo huziba kwa damu iliyoganda, au hupasuka. Kwa nje dalili hufanana: mdomo kupinda, mkono kukosa nguvu, maneno kutotamkika. Matibabu ndiyo hupingana. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, inayoweza kumwokoa wa kwanza, yaweza kumuua wa pili. Kwa sababu hiyo mgonjwa asipewe aspirini nyumbani, hata jirani akisisitiza.

CT hutumia eksirei na huchukua dakika chache tu. Damu iliyovuja huonekana nyeupe. Udhaifu wake ni kwamba mshipa ulioziba muda mfupi uliopita huenda usiache alama, hivyo picha safi haithibitishi kwamba hakuna kiharusi. Hapo MRI, inayotumia sumaku, huona zaidi. Lakini humtaka mgonjwa atulie kwa muda mrefu, na haimfai kila mtu. Mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo, au fundi wa kuchomelea aliyewahi kuingiwa na kipande cha chuma jichoni, lazima aseme mapema.

Zahanati haina mashine hizi, ila tone la damu hutosha kupima sukari, kwani sukari iliyoshuka sana huweza kuiga kiharusi.

Dawa ya kuyeyusha damu kwa kawaida hutolewa ndani ya saa 4 na nusu, zikihesabiwa tangu mgonjwa alipoonekana mzima mara ya mwisho. Aliyelala saa 3 usiku akiwa mzima, akaamka saa 12 asubuhi amepooza, huhesabiwa kuanzia saa 3 usiku. Kwa mgonjwa wa namna hiyo MRI yaweza kusaidia kukadiria muda. Msindikizaji aiandike saa hiyo, pamoja na dawa anazotumia mgonjwa. Dalili zikitoweka njiani, safari isikatishwe: kiharusi kamili chaweza kufuata ndani ya siku chache.