SOMO: BIASHARA YA NYUMBANI NA AMANI YA MAJIRANI



Wengi wetu tumeanzisha biashara mlangoni kwetu: kukaanga maandazi, kushona nguo, kuchaji simu, kuuza mkaa. Mtaji ni mdogo, hakuna kodi ya duka, na mama anaweza kuuza huku akiangalia watoto. Lakini biashara ya namna hii yaweza kuwa na wateja wa kutosha na bado ikafungwa kwa sababu ya ugomvi na majirani. Katika somo hili tutaona jinsi ya kuilinda.

Mfano wa Walukuba

Walukuba ni mtaa wa Jinja, mashariki mwa Uganda. Serikali ya kikoloni iliujenga kwa ajili ya wafanyakazi wa viwandani. Mwaka 1954 bwawa la umeme la Owen Falls lilifunguliwa hapo Jinja, na viwanda vikaongezeka. Walioupanga mtaa walitaka nyumba ziwe za kuishi tu, na biashara ikae mahali pake. Walitegemea kwamba familia italishwa na mshahara.

Mwaka 1972 Idi Amin aliwafukuza Waasia, ambao walimiliki viwanda na maduka mengi. Katika miaka iliyofuata kazi zilipungua na mishahara ikapoteza thamani. Familia nyingi za Walukuba zikatafuta riziki katika nyumba zile zile, kwa kupika pombe ya malwa, kuuza chakula na kulima penye nafasi.

Tunajifunza nini? Mshahara ukikosekana, watu watafanya biashara nyumbani hata kama nyumba haikupangwa hivyo. Lakini sababu zilizofanya biashara itengwe na makazi hazikuisha: nyumba zimekaribiana, na jirani anahitaji kulala. Sisi pia tunaishi karibu karibu.

Mambo manne yanayovuka ukuta

1. Moshi na moto. Pika nje au kwenye kibanda kilicho wazi, mbali na nyasi na turubai. Usiwashe mkaa ndani ya chumba kilichofungwa; hewa yake haina harufu na huua. Usiweke petroli ndani ya nyumba.

2. Kelele. Redio, kinu na walevi huwakosesha watoto usingizi. Panga saa ya kufunga, uwatangazie wateja, na uifuate.

3. Maji machafu na takataka. Chimba shimo la maji mahali pasipo njia ya watu na mbali na kisima. Fagia mbele ya nyumba yako na ya jirani kila jioni.

4. Watu. Wateja wakisimama kwenye mlango wa jirani, wamemwingilia. Waonyeshe mahali pa kusubiri.

Kabla ya kuanza

Kwanza, nenda kwa majirani wa pande zote, waeleze kazi unayotaka kufanya na saa zake, kisha sikiliza shida zao. Ni rahisi kuhamisha jiko kabla hujajenga kibanda. Wahenga walisema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Pili, zungumza na kiongozi wa eneo lako. Katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, anza na mwenyekiti wa baraza la wakimbizi (RWC). Mjini, anza na mwenyekiti wa LC 1.

Tatu, uliza kuhusu leseni. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kufanya biashara, lakini kwa kufuata sheria za nchi. Basi leseni na kanuni za afya zinakuhusu wewe kama zinavyomhusu mwenyeji. Ukilipa, dai risiti na uitunze.

Ugomvi ukitokea

Usijibu kwa hasira. Mwite kiongozi au mzee anayeheshimiwa na pande zote mbili, mkubaliane jambo moja la kubadilisha, kisha mkutane tena baada ya wiki mbili kuona kama limefuatwa. Jirani aliyesikilizwa mara nyingi huwa mteja.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Ni kitu gani katika biashara yako kinachovuka ukuta?
2. Jirani yako analala saa ngapi? Wewe unafunga saa ngapi?
3. Mama mjane anauza pombe ili apate karo, na jirani yake ana mtoto mgonjwa. Mtawashauri nini wote wawili?