Kabla Fundi wa Tovuti Hajaanza Kazi, Shika Kalamu

Wengi wenu mnatuuliza swali moja: "Nataka tovuti ya biashara yangu, wateja walipe hapo hapo kwa simu. Nianzie wapi?" Jibu letu huwashangaza watu. Anzia kwa kalamu na daftari. Ukimpa fundi malipo ya awali kabla hujajua unataka nini, atakujengea anachojua yeye, na kila ukisema "hapana, si hivyo," bei inapanda.

Tuseme unauza leso na madera pale Biashara Street, Mombasa. Andika safari ya mteja mmoja tangu afungue tovuti hadi mzigo umfikie. Mteja huyo ni mama aliye Kisumu, anatumia simu na bando lake ni dogo, kwa hivyo picha nzito zitamchosha kabla hajaona bei. Anaona leso. Anataka kujua kama bado ipo. Anachagua, analipa. Halafu? Nani anamwambia mzigo umetumwa, na kwa basi gani? Hapo kwenye "halafu" ndipo wengi huacha pengo.

Kisha chora kurasa zako. Mchoro mbaya si neno, visanduku tu vinatosha. Duka kama hili linaweza kuanza na kurasa nne: leso zote, leso moja, malipo na mawasiliano. Ule ukurasa wa "Kuhusu Sisi" wenye aya sita, sisi tungeuacha usubiri.

Sasa malipo, na hapa usiharakishe. Amua kwanza kama ni till au paybill. Paybill ina nafasi ya namba ya akaunti, kwa hivyo tovuti inaweza kuweka namba ya oda hapo na ukajua nani amelipia nini. Halafu fikiria lile ombi linalojitokeza kwenye simu ya mteja aweke PIN. Watu hudhani majibu ni mawili, amelipa au hajalipa. Kuna la tatu: bado hujui. Mfumo wa Daraja wa M-PESA hurudisha matokeo kwa namba: 0 malipo yamefaulu, 1 salio halitoshi, 1032 mteja ameghairi, 1037 simu haikupatikana au mteja hakujibu. Na kuna wakati mteja ameshakatwa lakini jibu halijafika kwenye tovuti. Andika kwenye daftari mteja ataona maneno gani katika kila hali.

Sisi wenyewe tuliwahi kuanguka hapa. Ukurasa wetu wa kwanza wa majaribio ulijua maneno mawili tu, "Imefaulu" na "Imeshindikana." Jibu likichelewa, ulisema imeshindikana. Mteja mmoja akalipa tena, akakatwa mara mbili. Tulimrudishia pesa yake kesho yake, lakini jioni ile alikuwa amebaki bila nauli ya kurudi nyumbani. Kurekebisha kukatuchukua wiki mbili kwa sababu tulilazimika kubomoa namna oda zinavyohifadhiwa. Kwenye karatasi ungekuwa mstari mmoja tu: "Tunasubiri uthibitisho. Tafadhali usilipe tena."

Fundi akikuchorea kisanduku cha mteja kuandika PIN kwenye tovuti, kataa papo hapo. PIN huwekwa kwenye lile ombi la simu pekee. Pia usipange kutoa mzigo kwa picha ya skrini ya ujumbe wa malipo, maana picha hughushiwa. Oda ithibitishwe na pesa iliyoingia kwenye akaunti yako.

Jina la tovuti, tuseme linaloishia .co.ke, liandikishwe kwa jina lako na nywila uwe nazo wewe. Mkikosana na fundi, hutaki duka liondoke naye. Na kwa sababu ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, chukua taarifa unazohitaji tu. Kupeleka leso kunahitaji jina, simu na mahali pa kufikisha. Namba ya kitambulisho ya nini?

Ukishakuwa na haya yote, ndipo umwite fundi mpatane bei. Gawa malipo yake kwa vitu unavyoweza kuviona kwa macho, si kwa tarehe. Daraja ina sehemu ya majaribio, basi aanzie huko. Ile sehemu ya mwisho ya pesa yake ishike mpaka mjaribu tovuti yenyewe kwa simu tatu: moja yenye salio, moja isiyo na kitu, na moja uliyoizima makusudi. Ile iliyozimwa ndiyo utakayoiangalia kwa makini zaidi.