Kabla Hujamfuata Nguruwe Mwitu Nyololo

Mahindi ya Nyololo, wilayani Mufindi, yakishaanza kutia maziwa, mwenye shamba linalopakana na mipaina halali vizuri. Kundi la nguruwe mwitu likishuka usiku huangusha mengi kuliko linayokula, na asubuhi unakuta mistari imelala chini, magunzi yametafunwa nusunusu. Hapo ndipo mtu ambaye hajawahi kuwinda huanza kuulizia gobore la kuazima. Asiazime. Kumpata nguruwe si kazi ngumu sana hapa kwetu. Ugumu uko kwenye karatasi zinazotangulia risasi, na kwenye nusu saa inayoifuata.

Kwa mujibu wa Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009, mnyama wa porini si mali yako hata akiwa katikati ya shamba lako. Kumuwinda bila kibali ni kosa, na kukutwa na nyama yake bila kibali ni kosa jingine, zito zaidi. Iringa tunalijua hilo. Mwaka 2023 mahakama ilimhukumu mama mmoja miaka 22 jela kwa vipande 12 vya nyama ya swala. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu ikamwachia, lakini miezi ile gerezani hakuna wa kumrudishia. Ukitamani nyamapori, nunua kwenye bucha iliyosajiliwa. Kanuni za bucha hizo zipo tangu 2020. Dai risiti, uitunze.

Njia halali ni mbili. Ya kwanza haikudai bunduki: peleka malalamiko kwa mtendaji wa kijiji, yafike kwa ofisa wanyamapori wa wilaya, na askari wanyamapori waje wafukuze au waue. Ya pili ni kuomba kibali cha uwindaji ukiwa raia, kikitaja mnyama, idadi, eneo na muda. Bunduki nayo iwe na leseni kwa jina lako, chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015. Gobore lililofuliwa kienyeji halina leseni. Ukitaka kuingia shamba la miti la Sao Hill, la Wakala wa Huduma za Misitu (TFS), omba ruhusa yao pia, na sigara ibaki nyumbani; kiangazi kule cheche moja inatosha kuteketeza kazi ya miaka ishirini. Sheria inaruhusu kumuua mnyama ili kuokoa maisha au mali, ila ukishamuua unatoa taarifa, na mzoga ni wa serikali. Wengi hujikwaa hapo: wameshakula ndipo wanakwenda kueleza.

Sheria inakataza pia mitego ya waya, sumu, mashimo na kumulika kwa taa, isipokuwa kwa ruhusa maalumu. Hili linamkera mkulima, kwa sababu nguruwe mwitu hutembea usiku. Lakini waya haubagui. Hunasa mbwa wa jirani, na mguu wa mtoto anayetafuta kuni. Kwa mwindaji mgeni linabaki pambazuko, kundi linaporudi vichakani, na dakika za mwisho kabla ya giza.

Anza kumsoma mapema. Nenda kwenye vinyungu, yaani bustani za bondeni, na kando ya vijito, kwenye tope. Kwato zake huacha alama mbili butu kama maharage mawili yaliyolala pamoja, na nyuma yake mara nyingi vidole vya juu huchora tope, jambo ambalo mbuzi hulifanya kwa nadra. Udongo uliofukuliwa kutafuta mizizi, miti iliyopakwa matope usawa wa goti, vichochoro vilivyotobolewa ndani ya matete: hapo anapita. Akirudia njia ileile siku mbili tatu, unajua pa kukaa.

Macho yake ni dhaifu, lakini pua yake ni balaa. Upepo ukienda kutoka kwako kwenda kwake, rudi nyumbani, hiyo siku imeisha. Asubuhi za Mufindi hewa baridi huteremka bondeni, jua likipanda hewa nayo hupanda. Kwa hiyo alfajiri kaa chini yake, usikae juu. Sabuni ya manukato na ulanzi wa jana vyote ananusa. Ulanzi una sababu nyingine ya kuachwa: mtu aliyekunywa hapewi bunduki.

Kabla ya kufyatua jua kilichopo nyuma ya mnyama. Vichochoro vya mipaina hupitwa na waokota kuni, wagema utomvu na bodaboda. Mkiwa wengi, kila mtu akae alipopangiwa na asihame. Msitume watu wapige kelele vichakani huku wengine wameelekeza mitutu upande uleule. Jike mwenye watoto wenye milia muache. Sheria inamlinda, na kundi zima hukasirika. Dume naye hulea, hivyo usidhani ukiona dume tu watoto hawapo.

Moyo wa nguruwe uko chini na mbele kuliko wengi wanavyofikiri, nyuma ya kiwiko cha mguu wa mbele. Ukilenga katikati ya tumbo umetengeneza mnyama aliyejeruhiwa, na huyo ndiye anayeua watu. Meno yake ya chini hujinoa kila anapofunga mdomo, na hupasua paja kwa kurusha kichwa juu. Kwa hiyo akianguka, subiri. Akikimbilia kichakani, subiri nusu saa nzima, kisha fuata damu mkiwa wawili, polepole, mkiwa na mti wa kupanda karibu. Ukimkuta amelala, mkaribie kwa nyuma, na umguse jicho kwa fimbo ndefu kabla hujaweka silaha chini.

Sasa banda lako la nguruwe. Nguruwe mwitu na ngiri huishi na virusi vya homa ya nguruwe bila kuugua, lakini nguruwe wa kufugwa hufa karibu wote, na hakuna tiba. Ugonjwa huu ulielezwa mara ya kwanza na Montgomery, nchini Kenya, mwaka 1921. Mwishoni mwa 2010 ulizuka Mbeya, na 2011 ulikuwa umeshafika Iringa na kwingine. Kwa hiyo usichinje karibu na mabanda, usiwape nguruwe wako makombo wala maji ya kuoshea nyama, matumbo na damu yafukie kirefu mbali na mbwa, na viatu vioshwe kabla hujaingia kulisha. Nguruwe wako wakianza kufa kwa homa na masikio mekundu, mwite ofisa mifugo wa kata, usiwauze kwa bei ya hasara.

Binadamu haambukizwi homa hiyo. Anachoweza kupata ni minyoo midogo inayojificha kwenye misuli. Karibu na Mlima Kenya watu wameshaugua kwa kula nguruwe mwitu. Kukausha kwa moshi hakuaminiki, na kuchoma juujuu ndiyo hatari kabisa. Nyama ichemke hadi ndani pasibaki wekundu.

Ukishaua mmoja, kundi litahama kwa muda, pengine hadi shamba la pili. Bado utahitaji kufyeka kichaka kati ya mipaina na mahindi, na kukaa kwenye dungu mkipokezana na majirani wiki zile chache za mahindi mabichi.