Wakili wa Sacco Naye Hurudi Darasani

Wakili aliyeajiriwa na sacco mara nyingi ndiye mwanasheria pekee ofisini. Akikosea fomu ya mkopo hana mwenzake wa kumkosoa, na hasara humwangukia mwanachama. Cheti chake cha uwakili ni cha mwaka mmoja. Ili kupata kipya, huhitaji alama 5 za mafunzo yanayotambuliwa na Chama cha Mawakili nchini, LSK. Aliyehitimu kabla ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hakufundishwa sheria hiyo chuoni. Mafunzoni hukutana na mawakili wa sacco nyingine, wakaulizana, kwa mfano, nakala za vitambulisho vya wadhamini zihifadhiwe vipi. Siri za mwajiri, bila shaka, hubaki ofisini. Mwanachama ana haki ya kuuliza katika mkutano mkuu iwapo wakili wao amehudhuria mafunzo ya mwaka huu.