Fedha Iliyotumika Siyo Kazi Iliyofanyika

Halmashauri ya manispaa inapojenga ukumbi wa wananchi, swali linalosikika sana mikutanoni ni hili: "Fedha imetumika kiasi gani?" Swali hilo ni jema, lakini peke yake halitoshi. Mimi sijapata kushika mwiko wa fundi. Hata hivyo hesabu ninayotaka kuieleza haimshindi hata mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza.

Tuchukue mfano wa ukumbi uliokadiriwa Sh. 200,000,000, ujengwe kwa miezi 10, na kila mwezi ifanyike kazi ya Sh. 20,000,000. Mwisho wa mwezi wa nne tunahitaji tarakimu tatu. Ya kwanza ni kazi iliyopangwa, yaani Sh. 80,000,000. Ya pili ni fedha iliyotumika. Tuseme ni Sh. 75,000,000. Mtu akiishia hapo atafurahi, akidhani zimeokolewa Sh. 5,000,000. Ya tatu ni thamani ya kazi iliyokwisha fanyika. Mkadiriaji majenzi hupima msingi, jamvi na kuta, kisha hutazama kila sehemu iliandikiwa bei gani katika makadirio ya mwanzo. Akipata Sh. 60,000,000, furaha yote hwisha.

Kwa nini? Kwanza, kazi iko nyuma kwa Sh. 20,000,000. Pili, kila kazi ya Sh. 60 imegharimu Sh. 75. Gawanya 75 kwa 60, utapata 1.25. Mambo yakiendelea vivyo hivyo, ukumbi utagharimu Sh. 250,000,000, na zile Sh. 50,000,000 zilizopungua huenda zikatolewa kwenye madawati ya shule au dawa za zahanati. Tena mwendo wa kazi ni robo tatu tu ya ule uliopangwa, kwa hiyo miezi 10 itakuwa zaidi ya 13. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba hutuonya mapema, kabla ya kupaua.

Wako wanaodhani kwamba taabu hii ni ya nchi maskini tu. Sivyo. Mji wa Hamburg, Ujerumani, ambao ni mji rafiki wa Dar es Salaam tangu mwaka 2010, ulijenga ukumbi wa muziki uitwao Elbphilharmonie juu ya ghala la zamani la kakao bandarini. Hapo mwanzo ilitajwa kwamba mji ungetoa Euro milioni 77. Ujenzi ulianza mwaka 2007, na ukumbi ulitazamiwa kufunguliwa mwaka 2010. Ulifunguliwa Januari 2017, na gharama ya mji ilikuwa imefika Euro milioni 789, yaani zaidi ya mara 10. Kamati ya uchunguzi ya bunge la mji ilitoa taarifa yake mwaka 2014. Sababu moja kubwa ilikuwa kwamba mkataba ulitiwa sahihi kabla michoro haijakamilika. Mchoro ukibadilika, bei nayo hubadilika. Na pasipo makadirio yaliyo imara, ile tarakimu ya tatu haipatikani.

Basi, yafaa mambo matatu yashikwe. Michoro ikamilike kabla ya mkataba. Kila badiliko liandikwe pamoja na bei yake kabla fundi hajaligusa. Na mkandarasi alipwe kwa kazi iliyopimwa, siyo kwa kazi iliyoahidiwa. Wazee walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari.

Nanyi wazazi wetu, mkienda mkutanoni, msiulize fedha tu. Ulizeni: Ilipangwa kazi gani mpaka leo? Imefanyika ipi? Na hiyo iliyofanyika imetugharimu kiasi gani? Mkijibiwa yote matatu kwa tarakimu, mtajua kama ukumbi wenu utapata paa.