Mama Mjamzito, Sumaku na Mionzi

Mgonjwa wa Kibiti au delta ya Rufiji akipewa rufaa Dar es Salaam, anaweza kukutana na vipimo viwili. Tusivichanganye. MRI hupiga picha kwa sumaku, haitumii mionzi ya eksirei. Ila mwenye chuma mwilini aseme mapema. Kipimo cha pili hutumia dawa yenye mionzi. Teknetiamu hupungua nusu kila saa 6. Iodini-131, inayotibu tezi ya shingo, hupungua nusu kila siku 8. Hupita kondo la nyuma, huingia katika maziwa, na yaweza kuharibu tezi ya mtoto. Akina mama, kabla ya yote mwambieni daktari kama mna mimba au mnanyonyesha. Msione haya, tunamlinda mtoto.