MTOTO ALIYECHELEWA KUSEMA: AENDE SHULE AU ASUBIRI?

Leo tujifunze juu ya jambo linalosumbua nyumba nyingi, ingawa watu hawalizungumzi sana.

Mwezi wa Desemba tulikuwa katika kijiji kimoja cha Mkoa wa Tabora. Baada ya somo, mama mmoja, mwanakisomo wetu, alibaki nyuma. Ana mtoto wa kiume wa miaka 5. Maneno yake hayafiki 20. Akitaka maji husema "minzi", kisha ananyoosha kidole kwenye mtungi. Watoto wa rika lake wameandikishwa darasa la awali. Baba anasema, "Asubiri mpaka aseme. Atakwenda shuleni kufanya nini? Kuchekwa?" Bibi naye anataka akatwe utando wa chini ya ulimi. Mama akatuuliza, "Walimu, nifanyeje?"

Hatukuanza na shule. Tulimuuliza, "Je, anasikia?"

"Anasikia! Nikibamiza mlango anageuka."

Lakini mlango ukibamizwa, sakafu hutikisika. Mtoto asiyesikia vizuri huwa hodari wa kutazama. Anaona midomo, anaona kivuli, anaona mkono wa mama ukienda kwenye sufuria. Nyumba nzima inaweza kudhani anasikia. Basi fanya hivi. Anapocheza, simama nyuma yake, hatua tatu. Usikanyage kwa kishindo. Mwite kwa sauti ya kawaida. Rudia siku nyingine. Asipogeuka, mpeleke hospitali. Akigeuka, mpeleke vilevile, maana kuna masikio yanayosikia sauti nene lakini hayasikii sauti nyembamba. Hilo hupimwa kwa mashine. Usichelewe hasa kama masikio yake yamewahi kutoa usaha, au kama aliugua homa ya uti wa mgongo au malaria ya kupanda kichwani. Magonjwa hayo yanaweza kuharibu masikio.

Na ule utando wa ulimi? Ulimi uliofungwa unaweza kuharibu matamshi ya baadhi ya herufi. Haumfanyi mtoto akose maneno. Wembe wa nyumbani unaweza kuleta pepopunda, na mtoto atabaki na maneno yake yaleyale.

Wengine husema eti Kinyamwezi cha nyumbani na Kiswahili vimemchanganya. Si kweli. Mtoto anaweza kukua na lugha mbili. Ukihesabu maneno yake, hesabu ya lugha zote. Zungumza naye kwa lugha unayoijua vizuri.

Haya, sasa shule. Mtoto wa miaka 2 kwa kawaida huunganisha maneno mawili, kama "mama maji". Huyu ana miaka 5, kwa hiyo kusubiri tu hakutoshi. Akibaki nyumbani, wenzake wako shuleni na wakubwa wako shambani. Atazungumza na nani, mbuzi?

Kama anasikia, sisi tunaona aende darasa la awali la hapo kijijini, sasa. Lakini mzazi asimwache mlangoni na kuondoka. Amwone mwalimu. Amweleze maneno anayoyasema na ishara anazotumia, hasa ishara ya kwenda chooni. Aombe mtoto akae mbele. Darasa likiwa na watoto wengi, mtoto mkimya hamsumbui mtu, na ndiyo maana husahauliwa. Tumekuwa walimu, tunalijua hilo. Mwaka ukiisha kabla hajawa tayari kwa darasa la kwanza, afadhali arudie awali kuliko kukaa nyumbani mwaka mzima.

Kama hasikii, njia ni nyingine. Anahitaji lugha ya alama mapema, na wazazi wajifunze pamoja naye. Shule ya viziwi ya Tabora ilianzishwa mwaka 1963. Nyingine ipo Buguruni, Dar es Salaam. Bweni ni zito kwa mtoto mdogo, hatusemi ni jambo jepesi. Lakini kukaa darasani miaka mingi bila kuelewa mwalimu ni kuzito zaidi.

Shule ikimkataa je? Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kupokelewa shuleni kama wenzake. Nendeni kwa mwalimu mkuu pamoja na mwenyekiti wa kijiji. Mkikwama, mwoneni afisa elimu wa wilaya na mwulizeni ni shule gani ya karibu yenye kitengo cha elimu maalumu.

Jioni ile tulimkuta baba akiziba pancha ya baiskeli. Alitusikiliza. Akauliza nauli ya kwenda hospitali ya mkoa. Halafu akasema atampeleka mtoto akishauza karanga. Karanga zilikuwa bado changa shambani, na shule inafunguliwa Januari. Mama alikuwa amesimama mlangoni, hakusema kitu. Mtoto alikuwa akimpa baba yake gundi kabla hajaombwa.

MASWALI YA KUZUNGUMZA KIKUNDINI

1. Kwa nini mtoto asiyesikia anaweza kuonekana kama anasikia?
2. Je, katika kitongoji chenu yuko mtoto asiyepelekwa shule kwa sababu hasemi? Nani amewahi kumpima masikio?
3. Ungekuwa jirani wa baba huyu, ungemwambia nini kuhusu zile karanga?